Njia mbili zilimshinda fisi: ugomvi wa dakika kati ya chipukizi na wakongwe katika NBA

Mleta mada

Wadau wa mpira wa kikapu, salaam.

Kila msimu unapofika katikati, lawama ileile hurudi: kwa nini kocha anamkalisha benchi kijana ambaye timu ilimchagua kwa mbwembwe, huku akimpa dakika mkongwe ambaye magoti yake yamekwisha kulalamika? Msimu ukiisha kwa vipigo, lawama hugeuka upande: kwa nini kocha aliwaamini watoto badala ya wazoefu? Nimeifuatilia ligi hii ya Marekani, NBA, kwa miaka mingi, na nimefika mahali ambapo naona tunabishana sana juu ya idadi ya dakika, na kidogo mno juu ya aina ya dakika. Naomba nieleze kwa kirefu, kisha mnikosoe.

Tuanze na hesabu. Mchezo wa NBA una dakika 48 na kila timu ina watu watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa, wala hana mahali pa kukopa nyingine labda mchezo uingie muda wa nyongeza. Nyota watatu wakicheza dakika 35 kila mmoja, 105 zimeondoka. Wachezaji watano wa kutegemewa wakipata 22 kila mmoja, zimeondoka 110 nyingine. Zinabaki 25. Hizo 25 ndizo zinazogombewa na watu wote waliosalia katika kikosi cha wachezaji 15, bila kuwataja wale watatu wenye mikataba ya njia mbili ambao huishi nusu kwenye timu kubwa na nusu kwenye G League, ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Na hiyo ni hesabu ya msimu wa kawaida. Ukifika mchujo wa kutafuta bingwa, makocha wengi hubana mzunguko wao hadi watu wanane, na zile 25 hurudi mikononi mwa nyota kama vile hazikuwahi kutolewa.

Sasa ongezeni jambo la pili, nalo ni kwamba kocha na meneja, yule anayesajili wachezaji, hawapimwi kwa kipimo kimoja. Kocha anahesabiwa ushindi wa usiku huu, na anajua kwamba akifukuzwa Desemba hakuna atakayekumbuka alimlea nani. Meneja, kwa upande wake, ana saa nyingine inayomhesabia. Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya uteuzi (draft), ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, huwa na mkataba wa miaka miwili ya uhakika, kisha timu ina hiari ya kuchukua mwaka wa tatu na wa nne, na baada ya msimu wa tatu dirisha la kumpa mkataba mpya mnono hufunguka. Ndani ya misimu mitatu, basi, mwenye timu anatakiwa awe amejua kama kijana huyu anastahili mamilioni ya dola au la, na hawezi kulijua hilo kwa kumtazama akipasha misuli moto kabla ya mchezo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Golden State Warriors. Msimu wa 2019-20 walivurugwa na majeraha wakashinda michezo 15 na kupoteza 50. Kutokana na unyonge huo wakampata James Wiseman kwa nafasi ya 2 katika uteuzi wa 2020, na mwaka uliofuata wakawachukua Jonathan Kuminga kwa nafasi ya 7 na Moses Moody kwa nafasi ya 14. Wakati huohuo bado walikuwa na Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green, watu ambao umri wao haukuruhusu kusubiri mtu yeyote akue. Wenye timu waliamini wanaweza kushinda sasa na papo hapo kulea warithi. Wahenga wetu walikwisha kusema juu ya fisi na njia mbili.

Msinielewe vibaya, mwaka 2022 walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Boston Celtics michezo 4 kwa 2, na ubingwa haubishaniwi. Lakini tazameni nani kati ya vijana aliyefaidika. Wiseman alikuja akiwa amecheza michezo mitatu tu chuoni. Akatupwa moja kwa moja katika timu iliyokuwa inacheza kwa lugha ya Curry na Green, lugha ya kukata, kuzuia na kupasi kwa kufumba na kufumbua, ambayo hata wazoefu wanaohamia pale huchukua miezi kuielewa. Mara alianza, mara akarudishwa benchi. Alicheza michezo 39, akaumia goti Aprili 2021, akakosa msimu mzima wa ubingwa, na Februari 2023 akauzwa Detroit. Jordan Poole, aliyechaguliwa nafasi ya 28 mwaka 2019, ndiye aliyechanua na kuwa mfungaji muhimu wa timu iliyotwaa kombe. Kwa nini yeye? Kwa sababu msimu wake wa kwanza ulikuwa ule wa vipigo 50, ambapo alirusha, akakosa, akapoteza mipira, na bado robo iliyofuata akarudishwa uwanjani. Baadaye akapelekwa G League mwanzoni mwa 2021 kwenda kushika mpira kwa uhuru. Alipokuja kusimama kando ya Curry, makosa yake ya utoto alikuwa amekwisha kuyafanyia mahali ambapo hayakumgharimu mtu.

Sasa njoo kwa Kuminga. Usiku wa tarehe 4 Januari 2024, Golden State wakiwa nyumbani dhidi ya Denver, Kuminga alifunga pointi 16 katika dakika 19, akatolewa robo ya tatu, na hakurudi tena. Alikaa pale akiangalia uongozi wa pointi 18 ukiyeyuka, hadi Nikola Jokić wa Denver alipoachia mpira kutoka mbali karibu na nusu ya uwanja, ukagonga ubao na kuingia huku saa ikilia: 130 kwa 127. Hata siku haikupita vizuri, vyombo vya habari vikaripoti kwamba kijana amepoteza imani na kocha Steve Kerr. Wawili hao walikaa wakazungumza, na wiki zilizofuata dakika zake zikaongezeka, naye akacheza mpira mzuri kuliko wakati mwingine wowote hadi hapo.

Ninachotaka kusema juu ya kisa hicho ni hiki. Dakika 19 si chache kwa mtu wa umri wake. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa anapewa dakika za mwanzo na kunyang'anywa za mwisho, zile ambazo mchezo huamuliwa, bila kujua ni kosa gani lililomtoa na ni jema gani lingemrudisha. Kijana anayecheza dakika 12 zilizo imara, anazozijua tangu asubuhi, akiwa na wakongwe wawili pembeni yake na ruhusa ya kukosea, atakua haraka kuliko anayecheza 20 za kubahatisha. Zile za mwishoni, mchezo umekwisha kuamuliwa kwa tofauti ya pointi 25 na mashabiki wanaelekea milangoni, mimi huziita dakika za makombo, na sijaona mtu aliyenenepa kwa makombo.

San Antonio Spurs walilijua hili. Mwaka 2011 walimtoa George Hill, mchezaji ambaye kocha Gregg Popovich alimpenda waziwazi, ili wampate Kawhi Leonard aliyechaguliwa nafasi ya 15. Machi 2012 wakamuuza mzoefu Richard Jefferson, na nafasi yake akaichukua kijana huyo wa miaka 20. Mwezi huohuo Popovich alimpumzisha Tim Duncan, na kwenye karatasi ya takwimu sababu iliyoandikwa ya kutocheza kwake ilikuwa neno moja: mzee. Ulikuwa utani, lakini ndani yake mlikuwa na mpango. Msimu wa 2013-14 hakuna mchezaji hata mmoja wa Spurs aliyefikisha wastani wa dakika 30. Tony Parker ndiye aliyeongoza kwa 29.4. Walishinda michezo 62, wakawafunga Miami 4 kwa 1 katika fainali, na mchezaji bora wa fainali hiyo akawa Leonard akiwa na miaka 22, huku Duncan mwenye miaka 38 akiwa bado anasimama imara chini ya kikapu. Dakika alizopunguziwa mkongwe ndizo zilizomkuza kijana, na ndizo hizohizo zilizomfikisha mkongwe Juni akiwa mzima.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini nakuona unawaonea makocha. Penye wazee haliharibiki neno, na katika mpira wa kikapu jambo hilo ni kweli zaidi kwa sababu ulinzi ni kazi ya kumbukumbu. Mkongwe ameona kila aina ya mchezo wa kuzuia na kubiringika, ambapo mmoja humzibia njia mlinzi wa mwenye mpira kisha hugeuka kukimbilia kikapu. Anajua lini amfuate mwenye mpira, lini abadilishane na mwenzake, lini anyamaze na lini apige kelele. Kijana anayachelewa hayo yote kwa nusu sekunde, na nusu sekunde ni mtupo wa pointi tatu usio na mtu wa kuuzuia.

Umetaja Golden State na San Antonio, lakini hukumtaja Darko Miličić. Detroit Pistons walimchukua kwa nafasi ya 2 mwaka 2003, nyuma ya LeBron James, na mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Kocha Larry Brown alimpa wastani wa chini ya dakika 5 katika michezo 34. Watu walilia. Mwisho wa msimu Detroit wakawa mabingwa kwa kuwaangusha Lakers 4 kwa 1. Niambie, ungemwambia Brown achukue dakika za Ben Wallace au za Rasheed Wallace ampe mtoto wa miaka 18 ili tu meneja asionekane amekosea?

Kisha tazama upande wa pili, timu zilizowapa vijana kila kitu. Philadelphia 76ers walifanya hivyo kwa miaka mitatu, hadi msimu wa 2015-16 walipoanza kwa kupoteza michezo 18 mfululizo na kumaliza wakiwa na ushindi 10 na vipigo 72. Mwezi Januari 2016 ilibidi wamrudishe Elton Brand, ambaye alikuwa amekwisha kujiona mstaafu, aje awe mtu mzima katika chumba cha kubadilishia nguo. Vijana walikuwa na dakika tele, tena siyo za makombo, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha namna ya kujiandaa kwa mchezo wa Jumanne baada ya kufungwa Jumatatu. Dakika bila mwalimu hufundisha mazoea mabaya, na mazoea mabaya yakishakaa mwilini kuyatoa ni kazi kuliko kuyazuia.

Mleta mada

Ndugu yangu, juu ya Philadelphia tumekubaliana zaidi ya unavyodhani, kwa maana nilisema kijana awe na wakongwe wawili pembeni. Timu yenye chipukizi watano uwanjani ni darasa ambalo mwalimu hajaingia.

Juu ya Darko nakubali kwamba Brown hakuwa na sababu ya kubadilisha safu iliyokuwa inaelekea ubingwa. Ila mfano huo una upande ambao huwa hautajwi. Timu iliyo tayari kwa ubingwa ikimchukua kijana mbichi kwa nafasi ya 2 imefanya kosa siku ya uteuzi, kabla kocha hajaamka. Dakika hazikuwepo, na kila mtu aliyeitazama orodha ya wachezaji alijua hazipo. Swali la mgawanyo wa dakika mara nyingi hujibiwa Juni na meneja. Kocha hurithi jibu mwezi Oktoba na kulaumiwa nalo hadi Aprili.

Nami nikuulize juu ya Jermaine O'Neal. Portland Trail Blazers walimchukua mwaka 1996 kwa nafasi ya 17 akitoka shule ya sekondari. Kwa misimu minne alikaa nyuma ya wakongwe, na hakuna msimu hata mmoja aliofikisha wastani wa dakika 14. Portland walikuwa na timu nzuri kweli; mwaka 2000 waliongoza Lakers kwa pointi 15 katika robo ya nne ya mchezo wa saba wa fainali ya kanda ya Magharibi, wakapoteza. Kiangazi hichohicho wakamtoa O'Neal kwa Indiana ili wampate Dale Davis, mkongwe mwingine. Msimu wa kwanza Indiana akacheza zaidi ya dakika 32 kwa mchezo, mwaka 2002 akatajwa mchezaji aliyeendelea zaidi, na baadaye akachaguliwa mara sita katika Mchezo wa Nyota, ule wa kila mwaka unaokutanisha wachezaji bora wa ligi. Portland walimlipia karo ya miaka minne, mahafali yakafanyika kwa jirani.

Mchangiaji wa pili

Naomba nichangie kutoka ndani kidogo, maana nimecheza mpira huu kwa ngazi ya chini sana kuliko mnayoizungumzia, lakini benchi ni benchi popote.

Kocha wetu mmoja alikuwa na desturi ya kumtoa chipukizi mara tu anapopoteza mpira. Mkongwe angepoteza mitatu mfululizo na kupigiwa makofi ya kutiwa moyo. Matokeo yake ni kwamba sisi vijana tulijifunza kucheza tukiwa na jicho moja benchi. Pasi ikikatwa, kabla hujageuka kukimbia kulinda, tayari umekwisha kutazama upande wa kocha kuona kama kuna mtu anavua jaketi. Hiyo nusu sekunde ambayo mchangiaji wa kwanza anasema vijana wanachelewa, mimi najua nyingine inapotelea wapi. Inapotelea kwenye kutazama jaketi.

Jambo jingine ambalo mtazamaji halioni ni kupoa. Mtu aliyekaa saa nzima, kisha akaitwa ghafla kwa dakika tatu, huingia miguu ikiwa mizito na mikono haina hisia ya mpira. Mtupo wake wa kwanza huwa mfupi, unagonga ukingo wa mbele. Kocha anatikisa kichwa na kusema ameona alichotaka kuona. Mkongwe aliyezoea kazi hiyo ana namna zake: atasimama nyuma ya benchi, atajinyoosha, atazungusha baiskeli iliyowekwa kwenye korido, kwa sababu ameshajua mwili wake unataka nini. Kijana hajaambiwa na mtu.

Ndiyo maana napenda kisa cha Kobe Bryant msimu wake wa kwanza pale Lakers. Kocha Del Harris alimpa wastani wa dakika 15 na nusu, nyuma ya Eddie Jones na Nick Van Exel, na wengi tunakumbuka mitupo yake minne iliyopita hewani bila kugusa chuma dhidi ya Utah katika mchujo wa 1997. Tunachosahau ni kwamba mitupo hiyo aliirusha mwishoni mwa mchezo wa robo fainali ya ligi kubwa kuliko zote, akiwa na miaka 18, na kocha hakumtoa baada ya wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Msimu uliofuata dakika zake zilipanda hadi 26 na akaanza katika Mchezo wa Nyota ilhali katika timu yake mwenyewe bado alikuwa akitokea benchi.

Mchangiaji wa tatu

Wadau, mnazungumza kama kwamba mkongwe ananyang'anywa haki yake kila anapopunguziwa dakika. Mimi naliona jambo hili kwa upande wa afya.

Aprili 2012, katika mchezo wa kwanza wa mchujo, Chicago Bulls walikuwa wanaongoza kwa pointi 12 zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, na Derrick Rose bado alikuwa uwanjani. Goti likakatika pale. Hakuna awezaye kusema kwa yakini kwamba kumtoa dakika moja mapema kungeokoa maisha yake ya mpira, lakini kocha Tom Thibodeau alilibeba jina la mtu anayewachosha wachezaji hadi alipofika New York. Msimu wa 2024-25 Josh Hart na Mikal Bridges walikuwa miongoni mwa waliotumika dakika nyingi zaidi katika ligi nzima, na Machi 2025 Bridges alisema hadharani kwamba dakika za wanaoanza ni nyingi mno na kwamba benchi lina watu wanaoweza kusaidia. Timu hiyo ya New York, Knicks, ilifika fainali ya kanda ya Mashariki, mara ya kwanza tangu 2000, ikatolewa na Indiana, na Thibodeau akafukuzwa.

Indiana ndio ninaotaka kuwataja. Rick Carlisle alikuwa anazungusha watu tangu msimu wa kawaida, na watu wake wa benchi walizijua kazi zao. Katika mchezo wa tatu wa fainali ya 2025 dhidi ya Oklahoma City, Bennedict Mathurin mwenye miaka 22 alitoka benchi akafunga pointi 27, na T.J. McConnell mwenye miaka 33 akatoka benchi hilohilo akaiba mipira mitano. Mmoja chipukizi, mmoja mkongwe, wote wawili wakiwa uwanjani kwa sababu dakika zao zilipandwa miezi mingi nyuma. Tena siku hizi ligi yenyewe imeingilia kati: tangu msimu wa 2023-24 mchezaji anatakiwa kucheza angalau michezo 65 ili aweze kushindania tuzo kubwa, na timu zinawekewa masharti ya kuwapumzisha nyota. Kocha asiyeweza kumpumzisha mkongwe kwa kumkosesha mchezo mzima itambidi ampumzishe ndani ya mchezo, na hapo ndipo mlango wa chipukizi unapofunguka.

Swali langu kwa mleta mada: yote hayo sawa, lakini nani anamwambia mkongwe? Na ungekuwa wewe ndiye kocha, zile dakika zako 25 ungezigawaje?

Mleta mada

Nashukuru kwa swali, kwa sababu nadhani ndipo timu nyingi zinapoharibikia.

Andre Iguodala alikuwa ameanza michezo yote 758 ya maisha yake ya NBA kabla ya msimu wa 2014-15. Kerr, ambaye ndiyo kwanza ameingia Golden State, alimwomba aanzie benchi ili Harrison Barnes, kijana wa miaka 22, aanze. Alikubali, ingawa hakuna aliyedai kwamba alikubali kwa furaha. Mwezi Juni, Golden State wakiwa nyuma 2 kwa 1 katika fainali dhidi ya Cleveland, Kerr akamrudisha katika safu ya kuanza kwa mchezo wa nne. Wakashinda mitatu mfululizo na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Miaka tisa baadaye, Kerr huyohuyo alimweka benchi Klay Thompson ili Brandin Podziemski aliyekuwa msimu wake wa kwanza aanze. Tarehe 15 Februari 2024, huko Utah, Thompson alitokea benchi kwa mara ya kwanza tangu Machi 2012 na akafunga pointi 35. Kiangazi hicho akahamia Dallas. Kocha mmoja, ombi lilelile, miisho miwili. Sitaki kudai kwamba benchi ndilo lililomwondoa, kwa kuwa mambo ya mkataba nayo yalikuwepo, lakini mtu aliyejenga jina mahali fulani hasikii neno «benchi» kama anavyolisikia mgeni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Al Horford. Msimu wa 2020-21 alikuwa Oklahoma City, timu iliyoamua kujenga upya, naye akiwa na miaka 34 na mzima wa afya. Mwishoni mwa Machi timu ikakaa naye, wakakubaliana kwamba hatacheza tena msimu huo ili vijana wapate dakika. Alimaliza na michezo 28 tu. Wengi wetu tulisema amekwisha. Juni akarudishwa Boston, na mwaka mmoja baadaye, katika mchezo wake wa kwanza kabisa wa fainali, alifunga pointi 26 na mitupo sita ya pointi tatu ugenini kwa Golden State. Mwaka 2024 akatwaa ubingwa. Kule Oklahoma City nako, vijana walioachiwa uwanja walipokomaa, timu ilikumbuka kuwatafutia watu wazima: kiangazi cha 2024 wakamleta Alex Caruso kwa kumtoa Josh Giddey, kijana aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake. Katika mchezo wa saba dhidi ya Denver Mei 2025, Caruso, mlinzi wa kimo cha kawaida mwenye miaka 31, alikabidhiwa kumkaba Jokić, mtu anayemzidi kimo na uzito kwa mbali. Walishinda 125 kwa 93, kisha wakachukua ubingwa.

(Wapo pia wakongwe wasiohitaji dakika kabisa. Udonis Haslem alidumu Miami misimu 20, na msimu wa 2020-21 alicheza mchezo mmoja tu, hata dakika tatu hakufikisha, akafunga pointi nne kisha akatolewa nje kwa ugomvi. Hakuna aliyemwona kuwa mzigo.)

Kuhusu dakika zangu 25, nisingezigawa kwa vijana wanne. Sita sita humfanya kila mmoja acheze kama mtu aliye kwenye usaili. Ningemchagua mmoja, nikampa 14: tano za mwanzo wa robo ya pili, tano za mwisho wa robo ya tatu, na nne nitakazoziweka kulingana na mpinzani, zote akiwa na wakongwe wasiopungua wawili uwanjani. Ningemwambia kazi zake mbili tu, labda kumkaba mgawaji mipira wao na kukimbilia kona, na ningemwahidi kwamba kwa mwezi mzima hatatolewa kwa kupoteza mpira. Atatolewa kwa kutorudi kulinda. Wawili ningewapeleka G League wakacheze dakika 34 wakiwa wao ndio wenye mpira, kama Poole. Zile 11 zilizobaki zingekwenda kwa mkongwe wa tisa katika mzunguko, yule ambaye zamani alikuwa anacheza 28.

Na huyo ndiye ningemwendea kwanza. Ningegonga mlango wa chumba chake hotelini usiku wa kuamkia mazoezi, peke yangu, bila msaidizi na bila karatasi, nimweleze nani anachukua dakika zake na kwa muda gani, na ningemwomba asubuhi asimame karibu na yule kijana wakati wa mazoezi ya ulinzi. Akinifungia mlango, nitakuwa nimestahili. Asichostahili yeye ni kulijua jambo hilo kesho yake kwa kusoma ubao.